Mwindaji wa Kauri na Mgongo Wake

Nungunungu alikusanya sanamu za kale za kauri, zote za wawindaji. Alizipata katika nyumba iliyohamwa, akazipanga pangoni mwake, migongo ukutani. Aliyempenda zaidi alivaa koti jekundu na kushika bunduki.

Digidigi, ambaye hakuweza kuona kitu asikiulizie, alikuja kuzitazama.

"Mzee, huyu kwa nyuma yukoje?"

"Sanamu hutazamwa usoni, mwanangu. Mgongo ni wa nini?"

Digidigi alitaka kuuliza tena, lakini nje alisikika Chui akinusanusa. Nungunungu akambeba mwindaji wake mpaka mlangoni, akamsimamisha bunduki ikielekea nje.

"Akiiona hii atatimua mbio," akanong'ona.

Chui akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani. Kutoka huko alimwona mwindaji kwa nyuma, na nyuma palikuwa bapa tupu, jeupe, bila koti wala bunduki. Mfinyanzi aliyemtengeneza hakutaka kupoteza rangi bure kwa upande wa ukutani. Chui hakuona cha kuogopa, akaja moja kwa moja.

Nungunungu akageuka akimbie. Chui akamrukia mgongoni, na papo hapo akarudi kinyumenyume akilia, miiba imemjaa usoni, akatokomea.

Digidigi akachungulia nyuma ya sanamu, kisha nyuma ya mwenyeji wake.

"Mzee," akauliza, "wewe mwenye mgongo kama huo, huyu asiye na mgongo ulimweka akulinde na nini?"