Kadi ya Ijumaa

Haya alinisimulia Bi Zuhra juzi, tukichagua mchele. Yeye ni mfagizi wa sekondari ya mjini.

Shule ile iliacha fimbo. Kila Ijumaa, mwenye tabia njema hubanwa kadi ya pongezi mfukoni kwa pini. Mwanafunzi Salha, jirani yake Bi Zuhra, alichelewa tena, akakosa. Akamfuata mwalimu ofisini.

"Mwalimu, nichape viboko vitatu, halafu unipe kadi."

Mwalimu akacheka. "Siku hizi hatuchapi, binti. Tunapongeza."

"Nikirudi bila kadi, baba ananichapa. Yeye hahesabu."

"Basi jitahidi Ijumaa ijayo."

Usiku ule baba alilala wa kwanza, mkono umechoka. Salha alilala wa mwisho, kifudifudi. Shati lake lilining'inia msumarini, pini aliyoichomeka mwenyewe ikisubiri kadi mfukoni.