Ng'ambo ya Kamba

Ili gauni la dada yake limkae sawasawa, mama mdogo alivaa masweta mawili ndani. Dada alikuwa mnene wa kujaza mlango; yeye fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake. Jasho lilimtiririka mgongoni lakini hakulegeza hata kifungo. Alijifunga kilemba cha dada, akapandisha barakoa mpaka chini ya macho, akatoka.

Dada mwenyewe alikuwa ameshazikwa. Ugonjwa ulimchukua haraka mno. Mjomba alifika makaburini akakuta watu wa afya wanamalizia kufukia. Maneno ya mwisho ya dada yalikuwa juu ya mwanawe wa pekee: "Msimwambie mpaka amalize mashindano. Akitoka kambini hawatamrudisha."

Na kweli wasingemrudisha. Kamati ilikuwa na masharti makali. Timu zote zilifungiwa kwenye mabweni ya shule, wachezaji wakivaa barakoa nje ya mechi na kupimwa kila mara kwa kijiti cha puani. Mechi zilichezwa bila mashabiki, mpira ukifutwa dawa kila unapotoka nje, na aliyefunga bao alishangilia peke yake kama mwendawazimu. Ukikanyaga nje ya geti, mashindano yako yameisha. Kijana alikuwa kipa. Tangu alipokuwa akidaka machungwa jikoni, mama yake alimwambia ipo siku atadaka mbele ya watu wa timu kubwa, na safari hii watu hao walikuwepo uwanjani, kila mmoja kwenye kiti chake cha peke yake.

Jamaa waliruhusiwa jambo moja tu: kusimama jioni ng'ambo ya barabara, nyuma ya kamba, na kupunga mkono. Kuita kwa sauti ilikuwa marufuku, maana mate huruka. Askari wa geti, mtu wa mizaha, aliwachunga.

"Pungeni kwa mikono jamani, midomo iko likizo!"

Sharti hilo ndilo lililomwokoa mama mdogo. Sura ilifichwa na barakoa, umbo likafichwa na masweta. Sauti tu ndiyo asingeweza kuiiga. Simu ya dada alikuwa nayo, ila ikilia hakuipokea. Aliandika: "Daktari kanikataza kuongea na simu, mwanangu. Presha imepanda. Niandikie tu."

Siku za mwanzo alisimama pale roho mkononi. Kijana alitokea kwenye baraza ya ghorofani na jezi yake ya kijani, akajirusha huku na huku kama anadaka, akamtupia busu. Kisha ujumbe ukaingia: "Bosi, mbona umesimama kama mlingoti? Cheka basi!" Mama mdogo alicheka ndani ya barakoa, machozi yakailowesha. Njia nzima ya kurudi aliumia. Alijiona mwizi, anayemwibia mtoto haki ya kumlilia mama yake.

Halafu ikaja jioni moja kijana hakutokea. Mechi yao ilikuwa imeahirishwa, na mabweni yalikuwa yakipuliziwa dawa. Mama mdogo alisubiri mpaka askari akakunja kamba, na jioni hiyo askari hakutania mtu. Simu ya dada ililia mfululizo: mara namba ya kijana, mara namba asiyoijua, ikakatika, ikalia tena. Aliitazama mpaka ikanyamaza.

Kanishtukia, aliwaza. Sasa anataka kusikia sauti.

Hakupokea. Aliandika: "Presha bado iko juu, baba. Nikishtuka kidogo tu naanguka. Niandikie."

Jibu lilichelewa sana. "Shikamoo mama. Usijali. Pumzika, upone."

Kesho yake jezi ya kijani ilitokea tena, imesimama nyuma kidogo, karibu na nguzo. Kijana aliinua mkono, akaushusha. Hakujirusha, hakutupa busu. Mama mdogo hakujali hayo. Alishukuru Mungu kwamba siri bado imefunikwa. Tangu hapo simu haikulia tena. Ujumbe ulikuja kila siku, wa heshima tupu: mama amekula? Mama amemeza dawa?

"Mashindano yamemkomaza," alimwambia mjomba.

"Afadhali," mjomba alijibu, akitazama chini. "Ataubeba msiba kama mtu mzima."

Siku ya fainali ujumbe ukaingia: "Tumechukua kombe, mama. Kesho wanatufungulia. Nakuomba uje."

Safari hii mama mdogo hakuvaa masweta. Gauni lilimpwaya, akaliacha limpwaye. Hakutaka kudanganya hata dakika moja zaidi.

Kamba iliondolewa. Wachezaji walitoka na mabegi yao, na jamaa wakasahau masharti yote, wakawarukia. Jezi ya kijani ilivuka barabara polepole, kichwa kikiwa chini. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu nyumbani yakamyeyuka mama mdogo mdomoni. Akaona heri uso wake useme wenyewe. Akashusha barakoa.

Kijana aliutazama uso ule, wala hakushtuka. Aliweka chini mabegi mawili, akapiga magoti palepale barabarani, naye akashusha barakoa yake.

Mama mdogo hakuwa amewahi kumwona kijana yule maishani mwake.

"Nisamehe, mama," alisema akilia. "Kabla mwanao hajakata roho alituomba tusikwambie mpaka presha yako ishuke."