Sijambo Ndani ya Unga

Tangu pete za ukweli ziwe lazima, ukisema "sijambo" huku moyo unakuuma, pete yako huwaka nyekundu. Leo mimi, mtafiti mchanga wa saikolojia tiba, natetea tasnifu inayothibitisha kuwa uongo huo umekwisha. Nikifaulu, nahamia chuo cha mbali.

Asubuhi nilimkuta mama akikanda unga wa chapati kwenye beseni.

"Shikamoo, mama. Hujambo lakini?"

"Marahaba, daktari wa vichaa." Akauzamisha mkono wenye pete ndani ya unga mpaka kwenye kifundo. "Sijambo kabisa! Na wewe je?"

Nikakunja mkono wa shati, nikauzamisha na wangu kwenye beseni lile lile.

"Sijambo, mama."

"Haya, kanda basi," akacheka. "Usije ukachelewa kuwathibitishia wenzio."