Baba wa Bibi Harusi

Mpaka leo, video ya igizo lile ikirushwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa wa Kilakala, Asha huizima kabla baba wa bibi harusi hajafungua mdomo. Nyimbo zote anazivumilia. Hapo tu ndipo anapoitupa simu kitandani.

Jamani, yule dada alikuwa na wivu! Na wala hakuuficha. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta mchumba wake, Abdulmajid, kwenye kikundi cha maigizo cha mtaa, akidhani watapangwa pamoja. Posa ilishapokelewa kwao, harusi ilikuwa iwe baada ya mfungo. Mwalimu Upendo, aliyekuwa akiliongoza igizo, akawasikiliza wote wakiimba, kisha akamchagua Abdulmajid awe bwana harusi na binti mmoja wa mtaani, Zuhura, awe bibi harusi. Asha akawekwa kwenye kiitikio, safu ya mwisho, nyuma ya ngoma kubwa.

"Wewe una mkono wa kushona, Asha," Mwalimu Upendo akambembeleza. "Tushonee gauni la bibi harusi."

Akalishona. Kiunoni akalibana makusudi, limtese mwenzake. Zuhura alipolivaa, likamkaa mpaka watu wakapiga vigelegele.

Mazoezi ya kila Jumamosi yakawa adhabu. Abdulmajid na Zuhura walishikana mikono wakaimba wakitazamana, na kila mara wimbo ulipokwisha, Abdulmajid alichelewa kidogo kuuachia ule mkono.

"Si igizo tu, Asha?" alisema siku moja walipokuwa wakirudi nyumbani. "Sasa unagombana na wimbo?"

"Sigombani na wimbo. Nagombana na macho yako."

Abdulmajid akacheka. Asha hakuona cha kuchekesha. Alichotaka ni kitu kimoja tu: Zuhura aaibike mbele za watu, na Abdulmajid aone, macho yake yarudi nyumbani.

Na alijua pa kumshika. Zuhura hakumwogopa mtu Kilakala nzima isipokuwa baba yake, Mzee Mansuri. Mbele ya mzee huyo hata kucheka kwa sauti hakuthubutu. Asha akawaza: baba yake akisimama pale pale jukwaani, huyu ataimbaje? Atainamisha kichwa, sauti itakauka, ukumbi mzima utamzomea.

Tatizo lilikuwa Gabrieli. Huyu alikuwa mkulima wa mboga kutoka milima ya Mgeta, aliyekuwa akishusha kabichi zake sokoni kila Jumamosi kisha anapitia mazoezini. Yeye ndiye aliyepewa nafasi ya baba wa bibi harusi.

Asubuhi ya siku ya onyesho, mvua ilikuwa ikinyesha na ukungu umeifunika milima yote. Asha akapiga simu.

"Kaka Gabrieli, usihangaike kushuka. Kwa mvua hii, onyesho limesogezwa wiki ijayo."

"Afadhali, dada yangu," Gabrieli akajibu. "Huku barabara ni tope tupu."

Alasiri ukumbi ukajaa, watoto wakakaa chini kwenye mikeka. Nyuma ya jukwaa Mwalimu Upendo alikuwa ameshika kichwa. Gabrieli haonekani, na simu yake haipatikani.

"Mwalimu, mbona unajitesa?" Asha akasema. "Mzee Mansuri si yule pale mbele, amekaa na Sheikh Kibwana? Mabinti wanne ameshawaoza. Yale maneno ya kuozesha anayajua kuliko hata Gabrieli."

Mwalimu Upendo akamkumbatia kwa furaha.

Mzee Mansuri akavishwa joho, akapanda jukwaani.

"Shikamoo, mzee," Abdulmajid akamwamkia.

"Marahaba, kijana."

Zuhura alipomwona baba yake, akauachia mkono wa Abdulmajid kama umemuunguza. Ubeti wa kwanza ukamshinda. Nyuma ya ngoma, Asha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazoezi yaanze.

Ikafika sehemu ya ndoa. Kwenye igizo bibi harusi aliitwa Mwanahawa, na Mwalimu Upendo alikuwa amemnong'oneza mzee jina hilo mara tatu. Lakini mzee akamshika Abdulmajid mkono kama alivyozoea kuwashika wakwe zake, akasahau kila alichoambiwa.

"Nimekuoza binti yangu Zuhura."

Ukumbi ukaangua kicheko. Abdulmajid, jasho likimtiririka, akajibu, "Nimekubali kumuoa Zuhura." Vigelegele vikapigwa mpaka wapiga ngoma wakapoteza mapigo. Sheikh Kibwana peke yake hakucheka.

Pazia lilipofungwa, sheikh akawafuata nyuma ya jukwaa, akawakuta wanapigana picha.

"Acheni kwanza hizo picha," alisema. "Mansuri, huyu si binti yako wa kumzaa?"

"Wangu, sheikh."

"Na umemtaja kwa jina lake. Kijana amekubali. Mashahidi tumejaa ukumbi mzima. Ndoa haina mzaha, wanangu. Ukiitamka kwa utani, imekuwa kweli. Hawa sasa ni mke na mume."

Hakuna aliyecheka tena. Asha akashika ukuta. Ni yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, aliyempandisha mzee jukwaani.

"Ila msihangaike," sheikh akaendelea kwa upole. "Mambo haya yana mlango. Kijana atamke talaka moja tu, sasa hivi, kila mtu arudi kwao salama."

Asha akashusha pumzi ndefu, machozi yakimlengalenga.

"Haya, Majidi," akamhimiza mchumba wake. "Tamka basi, twende nyumbani. Neno moja tu."

Abdulmajid akamtazama Zuhura. Na Zuhura, ndani ya gauni lile la kubana, mbele ya baba yake mzazi, hakuinamisha macho.

Abdulmajid akamgeukia Mzee Mansuri, akainama.

"Shikamoo, baba mkwe."