Singo ya Bi Mwanasiti

"Anza wewe, somo." Mishi alilisukuma bakuli la singo ya kupaka ngozi mpaka likagota kwenye goti la Bi Mwanasiti. "Jipake kwanza, nikuone."

Bi Mwanasiti alimtazama. Loo, dunia hii! Mtoto aliyemfundisha kusaga liwa, mti wa kunukia, aliyekula kwake na kulala kwake miaka mitatu, leo anamshuku kwamba atamtilia sumu. Na kilichomuudhi zaidi ni kuwa binti huyo alikuwa na kila sababu ya kushuku.

Maana kijiji kizima cha Mwabungo kilijua Mishi alivyomtenda. Bi Mwanasiti ndiye aliyekuwa somo wa maharusi, mwenye kuwafunda na kuwapamba, toka Galu mpaka Msambweni. Binti wa watu hakuingia nyumba ya mume bila kupita mikononi mwake. Basi mwaka wa tatu baada ya uhuru, hoteli mpya ya Diani ikatafuta mtu wa kuwafundisha wasichana kutunza ngozi za wageni katika fukuto hili la pwani, ambalo krimu za Ulaya huyeyuka usoni zikaacha vipele. Akaitwa yeye. Kabla hajafika, Mishi alikwisha mtangulia kwa meneja. Akamwambia kwamba yale mabaka meupe mikononi mwa bibi yule ni ukoma.

Mabaka yenyewe ni mbalanga tu, isiyoambukiza, anayo tangu utotoni, na Mishi alijua fika. Lakini nani atampa uso wake mtu aliyeambiwa ana ukoma? Mishi akapewa kazi. Maharusi wakakoma kuja. Mwaka mzima hakuna aliyempa Bi Mwanasiti mkono wa salamu isipokuwa dada yake, Bimkubwa, aliyekuwa akiishi naye. Kila alipoamka alimuomba Mungu jambo moja tu: amwone Mishi naye akiuficha uso wake mbele ya watu.

Na sasa Mishi huyu huyu amekuja alasiri na doti mbili za kanga, shikamoo somo, marahaba mwanangu, kutaka singo ya ndimu. Hiyo hufundishwa mwaka wa nne, na yeye alitoroka mwaka wa tatu ulipokwisha.

"Kesho hoteli inafunguliwa rasmi," alikuwa amesema. "Wakubwa watakuja, na watu wa magazeti. Mimi ndiye mwalimu, nawaambia wanafunzi wangu kila siku kwamba ngozi yangu ndiyo cheti changu. Nipe ile inayong'arisha, somo, nami nitakwenda kwa meneja niseme nilikosea. Jina lako litarudi."

"Mtakuwa ukumbini?"

"Ukumbini wapi! Mpiga picha anataka mchanga na bahari. Kuanzia saa nne mpaka adhuhuri ipite."

"Na utavaa nini?"

"Gauni. Buibui la nini hotelini, somo?"

Bi Mwanasiti hakuuliza tena. Aliitengeneza singo mbele ya macho yake: liwa, karafuu, mawaridi makavu, na ndimu nane alizozikamua papo hapo. Mishi alinusa kila kitu. Mawaridi aliyachambua moja moja, ndimu akazionja kwa ncha ya ulimi. Hakuona cha kutilia shaka, na kwa kweli hakikuwapo.

"Hakuna kingine ulichotia?"

"Wallahi hakuna. Nawe usiongeze hata chembe, utaiharibu. Jipake leo magharibi, ulale nayo. Asubuhi oga, jipake tena kidogo."

Ndipo Mishi alipolisukuma lile bakuli.

Bi Mwanasiti akajipaka. Alijipaka paji la uso, mashavu, shingo, tena kwa mkono mzito, wala hakubakiza mahali. Wakakaa humo chumbani mpaka jua likazama, Mishi kamkodolea macho kama daktari. Alipojiosha, uso wa yule mama wa miaka sitini ulikuwa laini na unang'ara kuliko wa Mishi mwenyewe.

Mishi akaona haya. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, somo. Nilikudhania vibaya."

"Nilikwisha kusamehe zamani, mwanangu. Chukua bakuli lako uende."

Maneno hayo Bimkubwa aliyasikia toka ukumbini, na yalimpandisha hasira. Mishi hata hajafika barabarani, yeye alikwisha anza. "Umempa! Mtu aliyekuzika ungali hai, umempa kwa mkono wako, na kusamehe juu! Huna uchungu wewe? Huna damu mwilini?"

Bi Mwanasiti alilibeba jiwe lake la kusagia akaenda kulisafisha, kisha akajipaka tena singo kidogo aliyoibakiza, akalala.

Asubuhi hakutoka hata uani. Chai aliletewa chumbani. Ilipofika saa nne, majirani walianza kupita makundi makundi wakielekea Diani kutazama wakubwa, na Bimkubwa, hasira zake bado moto, akaingia amekwisha jifunga buibui.

"Haya, inuka twende! Umeshampa, basi angalau na wewe uonekane. Uso unawaka kama taa! Mwaka mzima wamekuita mkoma, leo wakuone, waone haya. Jua zuri, hakuna hata wingu."

Akalishika komeo la dirisha ili aingize mwanga.

"Acha dirisha hilo!" Bi Mwanasiti alijivuta mpaka pembeni kabisa mwa chumba, akajifunika kanga usoni. "Ngozi iliyolala na ndimu, jua likiipiga, hutoka malengelenge. Ama ulidhani siku zote hizi maharusi tunawafungia ndani kwa sababu ya kuona haya tu?"