Tambi za Watu Sita

Siku hizi pakiti ya chakula haifunguki mpaka jicho lake dogo lihesabu walaji wote walioandikwa kwenye lebo. Pakiti ya tambi, ambayo Bi Mwanakheri angeimaliza peke yake, iliandikwa watu sita.

"Sita? Kila mtu kijiko kimoja?" aliguna, lakini hakubabaika. Binti yake Saumu alikuwa amekuja Tanga na mumewe kutoka Dodoma, na tambi za nazi za mama yake lazima azile. Akawaita jirani yake Mama Shali na mumewe. Wakawa watano, wa sita hakupatikana.

"Itafunguka tu," alisema, akaipitisha pakiti mbele ya kila mtu, nayo ikawa inalia mara moja moja. Ilipofika kwa Saumu, wa mwisho, ililia mara mbili, ikafunguka.

"Si niliwaambia!" Bi Mwanakheri alicheka, akazimimina tambi kikaangoni. Kisha mkono wake ukasita. Alihesabu vichwa upya: watano. Akamgeukia binti yake.

Saumu alikuwa ameshika tumbo.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "hata mimi sikujua."