Koki ya Juu

Mwanawe alisema hodhi la kuogea litamvunja nyonga siku moja, kwa hiyo ling'olewe, liwekwe bomba la mvua. Mama hakubisha, ingawa maneno yale yalizidi sukari. Mtoto huyu hakuwahi kumuuliza hata habari za magoti.

Sasa hodhi lilikuwa uani, limelala chali, na fundi alikuwa akipangusa vigae vipya. Mama aliingia kukagua. Aliinua mkono afungue maji, vidole vikaishia chini ya koki. Akasimama kwa ncha za miguu, akaikosa tena. Akapapasa ukuta atafute pa kujishikilia. Ulikuwa laini kama yai.

"Fundi, baba, koki hii umemwekea nani?"

"Nimeweka nilipoonyeshwa, mama."

"Ulionyeshwa na mwanangu?" Mwanawe naye alikuwa mfupi, kamrithi yeye.

"Hapana, na yule mgeni wake mrefu wa juzi. Alisimama hapo ulipo, akanyoosha mkono, nikapiga alama."

Mama alimkumbuka. Alimpa chai kwa mkono wake, akidhani ni msimamizi wa mafundi.

"Ana haraka yule," fundi akaongeza. "Anasema mkewe asilikute hodhi siku watakapohamia humu, la sivyo nyumba hawaitaki."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. "Mama," mwanawe akaita kwa sauti ya asali, "umelipenda bafu lako?"

Mama aliitazama koki, kisha akamwinamia fundi.

"Hilo hodhi," akanong'ona, "unaweza kulirudisha leo?"